Wasia Usiochukuliwa na Maji

Hii ni hotuba iliyosomwa Kibiti, mbele ya wazee, akina mama na vijana, na mwenzetu mmoja kijana anayefanya kazi ya kuandaa matawi ya Chama Kibiti na Delta. Mwenzetu huyu alisomea ualimu. Twaichapa kama alivyoisoma.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ndugu zangu vijana,



Leo sikuja kuomba michango wala kuandikisha kadi. Nimekuja kusema juu ya mali moja ambayo kila nyumba ya hapa inayo, hata nyumba isiyo na mnazi mmoja, na ambayo twaipoteza kila mwezi bila kuilia. Mali hiyo ni habari za watu wetu: walitoka wapi, walipatwa na nini, walistahimili vipi, na walituusia nini.

Mzee akifariki kwetu, twajua la kufanya. Watu hukusanyika, huzika, husoma hitima, kisha siku ya kugawa urithi huhesabiwa minazi, mikorosho, shamba la mpunga, mtumbwi, hata baiskeli. Kila mrithi ana fungu lake, na sheria yake yajulikana. Lakini sijapata kusikia msibani mtu akiuliza: Je, marehemu alituachia maneno gani? Nani aliyasikia? Yamewekwa wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeiandika minazi, na habari zenyewe ndizo tulizoziacha bila daftari.

Wasia wa maneno si jambo geni, wala hatukuletewa na meli. Kwenye kisiwa cha Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya, alikuwako Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Karibu na mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Mama yule alikuwa mke wa mkubwa, na bila shaka alikuwa na vitu vya kugawa. Lakini vitu vyake leo hakuna avijuaye, na maneno yake yangali yanasomwa. Wako wanaobishana naye juu ya aliyoyasema kuhusu mke na mume, na hiyo ni haki yao. Lakini angalieni: wanaweza kubishana naye kwa kuwa aliyaweka maneno yake mahali pa kuonekana. Aliyenyamaza hatubishani naye, wala hatujifunzi kwake.

Na hapa Tanganyika, Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 huko Tanga, alikuwa karani katika serikali ya wakoloni. Karani hana hazina. Mkewe alipofariki na kumwachia watoto, aliwatungia wasia wawili: binti yake akapata Utenzi wa Hati, na mwanawe akapata Utenzi wa Adili. Alichowapa ni akili yake na namna yake ya kutazama dunia. Watoto wawili walipewa urithi, na taifa zima likala pamoja nao.

Huenda mtu akasema, hao walikuwa washairi, na sisi ni wakulima wa mpunga na wavuvi wa kamba. Ndiyo maana nataka kusema kwa nini jambo hili latuhusu sisi wa Rufiji na Kibiti kuliko watu wengi.

Sisi ni watu wa mto, na mto wetu hutoa na huchukua. Hutuletea udongo mweusi ambao mpunga waupenda, na maji yakipungua twalima mlao. Lakini mto huo huo mwaka 1968 ulifurika mafuriko makubwa, na mwaka 1969 watu wa bondeni, maelfu kwa maelfu, walihamishwa kupanda kwenye miinuko na kukaa katika vijiji vipya vya ujamaa. Walipata shule na zahanati karibu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini waliacha nyuma viwanja, miembe na makaburi. Mwaka 1974 maji yakaja tena. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji matamu ikaelekea matawi ya kaskazini ya Delta, na wakulima wakayafuata. Na mwezi wa Aprili 2024 sote tuliona kwa macho yetu maji yakiingia mashambani na vijijini, Rufiji na Kibiti.

Watu wa milimani wana jiwe la babu, wana pango, wana mpaka ambao miaka mia haujasogea. Kwetu mpaka ni mto, na mto hausimami. Nyumba yetu ni ya miti na udongo, na maji yakipita juu yake haibaki alama. Ukienda bondeni leo utaona miembe mikubwa imesimama peke yake, hakuna nyumba karibu. Mwembe haujioteshi kwa safu. Hapo palikuwa na mji wa mtu, palikuwa na ndoa na misiba, na watoto walicheza kivulini. Palikuwa pa nani? Mzee mmoja ajua. Akifa, mwembe utabaki kuwa mwembe tu. Kwa hiyo kwetu sisi kumbukumbu haimo katika mawe. Imo katika vinywa vya watu, na mahali pengine haipo.

Ndugu zangu, hebu tutazame jambo moja kubwa lililotokea katika nchi yetu hii hii. Mwaka 1904 pale Ngarambe, kusini ya mto, alitokea Kinjikitile Ngwale, akawapa watu maji na kuwaambia kwamba wao ni wamoja. Mwezi wa Julai 1905, Nandete katika Umatumbi, miche ya pamba ya Wajerumani iling'olewa, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro, karibu kabisa na Delta. Vita viliendelea mpaka 1907. Wajerumani wenyewe walikisia waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa watu 75,000, na mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikisia kuwa walipata 250,000 au zaidi.

Sasa nauliza: habari za Ngarambe na Nandete tumezipata wapi? Makaratasi ya Wajerumani yalizungumza juu ya wachawi na washenzi. Waliotwambia habari zenyewe ni wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakakaa mikekani, wakauliza na kuandika. Wazee wakawatajia majina. Ndiyo maana leo twajua kwamba miongoni mwa walioing'oa pamba ile ya Nandete walikuwamo Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Hawakuwa wafalme wala masultani. Walikuwa wakulima kama sisi, na majina yao yaliokoka kwa sababu wajukuu na majirani waliyashika miaka sitini na zaidi, kisha akaja mtu mwenye daftari.

Nawaomba tufanye hesabu ya darasa la tatu. Kutoka 1905 mpaka 1968 ni miaka 63. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati wa Maji Maji alikuwa na miaka 78 wanafunzi wale walipofika. Walifika jua likiwa linazama. Wangengoja miaka ishirini zaidi wangekuta makaburi.

Tufanye hesabu hiyo hiyo kwetu. Kijana aliyekuwa na miaka 15 wakati wa mafuriko ya 1968 sasa amepita miaka 70. Yaani sisi leo tumekaribia kusimama mbali na mafuriko yale, na kule kuhama bondeni, kama wanafunzi wale walivyosimama mbali na Maji Maji. Watu walioona kwa macho wangalipo. Wengine wameketi mbele yangu hapa. Lakini hakuna ahadi kwamba chuo kikuu kitatuma mtu Mbwera au Nyamisati au Bungu kuwauliza. Kazi hiyo ni ya watoto na wajukuu.

Na tusipoiandika sisi, wataandika wengine, na wataandika habari zao. Twaijua habari ya manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyoingia kujificha katika matawi ya Delta mwaka 1914 na kuangamia hapa tarehe 11 Julai 1915. Ulaya kuna vitabu vingi juu yake. Wamelitaja jina la nahodha, unene wa mizinga, na hata ndege zilizoruka kuitafuta. Mizinga yake iliopolewa ikaenda kupigana bara, na mmoja wauona leo Mombasa, penye Ngome ya Yesu. Haya, nani waliokuwa wakivuta makasia katika mito ile? Nani walioivuta mizinga ile mizito kutoka topeni? Mashamba ya nani yaliliwa na askari? Vitabu vile vimejaa majina, na majina ya babu zetu hayamo. Kama yapo mahali, yamo katika nyumba za Salale na jirani zake, kwa mtu aliyesikia kwa bibi yake aliyesikia kwa baba yake.

Najua maneno ya upinzani yatakayoletwa, na nataka kuyajibu kwa heshima.

La kwanza, watu husema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nami nakubali kwamba methali hii ni nzuri kwa watu waliogombana. Lakini mganga yeyote, wa mizizi au wa hospitali, hagangi mgonjwa kabla ya kumwuliza: yalianza lini, na nyumbani kwenu yamepata kumshika nani? Anayetaka kuganga yajayo bila kujua yaliyopita atampa mgonjwa dawa ya mtu mwingine.

La pili, wako wanaosema kwamba habari za ukoo zitaturudisha kwenye ukabila. Hili ni neno zito kwetu sisi wa Chama, nami nimelifikiri sana. Lakini ukifuata habari za ukoo wowote wa hapa bila kuziremba, huufiki ukabila. Utakuta bibi ni Mndengereko, babu ni Mmatumbi, mama yake babu ni Mnyagatwa, na mjomba mmoja mama yake alitoka Ungindo. Utakuta mtu aliyekuja na jahazi la boriti akaoa asirudi tena. Anayejivunia kabila tupu ni yule asiyejua habari za babu na nyanya zake wanne. Habari kamili huunganisha. Habari ya nusu ndiyo inayogawa.

La tatu ni gumu zaidi, nalo ni aibu. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipopiga marufuku biashara ya watumwa baharini, wafanyaji biashara waliwaswaga watu kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, na njia ile ilipita katika nchi yetu hii. Wengine walitoroka, wengine waliachwa njiani, wengine walinunuliwa na kubaki hapa. Basi ziko nyumba ambamo bibi fulani hatajwi alikotoka, na mtoto akiuliza huambiwa anyamaze. Nami nasema: aibu ya utumwa ni ya aliyenunua na aliyeuza. Mwanamke aliyetembezwa na minyororo kutoka Ziwa Nyasa akafika hapa, akalima, akazaa, akalea, huyo si wa kufichwa. Huyo ni wa kupewa ukurasa wa kwanza. Lakini tuliandike jambo hilo kwa adabu, kwa idhini ya wenyewe, habari ya nyumba yako na si ya nyumba ya jirani. Habari za ukoo si fimbo ya kumpigia mtu.

Huenda kijana akaniuliza: nikishajua yote hayo, yatanifaa nini? Nitajibu kwa habari ndogo ya kwetu. Nyumbani ilisimuliwa kwamba mwaka ule wa 1968 mjomba wake bibi alikuwa na mtumbwi mmoja, na maji yalikuwa yamekwisha fika kwenye nguzo za dungu. Alipakia kwanza mbegu za jirani mjane. Aliporudi kuchukua magunia yake, hakuyakuta. Msimu uliofuata watu watatu wakamlimia shamba lake bila ujira. Basi sisi watoto tulipokuwa tukinyimana kitu, baba hakushika fimbo. Aliuliza tu, "Mbegu za nani zilipanda kwanza?" Tukagawana. Mimi nilisoma ualimu, nikafundishwa uraia kwa vitabu, nami navishukuru vitabu. Lakini somo la ujamaa lililonikaa mwilini ni lile la mbegu za mjane. Mtoto ukimwambia "kuwa mwema", atasahau jioni. Ukimwambia babu yake alifanya nini, na maji yamefika wapi, hasahau.

Zamani kazi hii ilikuwa na mahali pake. Wakati wa mpunga kukomaa, watoto walikaa dunguni na bibi miezi mizima kulinda ndege na nguruwe. Usiku hapakuwa na jambo jingine. Bibi alisema "Paukwa!", watoto wakaitika "Pakawa!", na baada ya hadithi ya sungura zikafuata habari za watu wa kweli. Leo watoto wapo shuleni, na hilo ndilo tulilolitaka. Lakini usiku kuna televisheni na simu, na bibi amekaa pembeni, hakuna amwitikiaye. Hatuwezi kurudisha maisha ya dunguni. Yatupasa tutafute mahali pengine pa kuitikia.

Basi kazi yenyewe ifanywe hivi, na si ngumu.

Nunueni daftari moja kubwa la ukoo. Kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri apewe kazi hiyo mbele ya wote, ili ajue ni amana. Mwenye simu arekodi sauti ya mzee, lakini asiishie hapo. Simu hufa na huibwa, kwa hiyo maneno yaandikwe.

Msimwulize mzee "Ulizaliwa mwaka gani?" Mwulizeni kwa mambo makubwa aliyoyaona. Wakati wa mafuriko ya 1968 ulikuwa mkubwa kiasi gani? Mlipohamishwa mwaka 1969 mlibeba nini na mliacha nini? Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nani alikwenda katika nyumba yetu? Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kuvuka pale Ndundu kulikuwaje? Maji yalifika kwenye mti gani, na mwaka gani? Jibu la swali hili la mwisho laweza kuokoa nyumba ya mjukuu wako atakapotafuta kiwanja.

Andikeni pande zote mbili, wa kuumeni na wa kukeni. Habari za wanaume twazisikia mikutanoni, na habari za wanawake hubaki jikoni. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926 na baadaye akawa mbunge wa Rufiji, alisimama mbele ya maelfu kudai uhuru. Hata hivyo mengi tuyajuayo juu yake na wenzake twayajua kwa sababu katika miaka ya 1980 mwanahistoria Susan Geiger aliketi nao akawasikiliza, kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Kama ilihitaji mtu kutoka Marekani kumwuliza Bibi Titi, nani atakayemwuliza mama yako?

Andikeni kwa maneno ya mzee mwenyewe. Akisema kwa Kindengereko, liandikeni neno lake kama lilivyo, kisha maana yake kwa Kiswahili. Kiswahili kimetuunganisha na ni fahari yetu, wala hakitapungua kwa kulihifadhi neno la bibi. Watoto wengi wa leo hawaisemi tena lugha hiyo, na neno likifa hufa na kitu lilichokitaja.

Andikeni machungu pamoja na matamu. Ukoo usio na kosa hata moja ni ukoo wa uongo, na watoto hawadanganyiki upesi. Mzee akisema "hapa tulikosea", maneno hayo yana thamani kuliko sifa kumi.

Mwisho, daftari liwe na nakala mbili: moja ikae hapa mahali pa juu ambapo maji hayafiki, na moja ikae kwa ndugu aliyeko mjini. Na kila Idi, ukoo ukikusanyika, lifunguliwe, lisomwe, na liongezwe.

Wazee wangu, nanyi nina ombi kwenu. Msingoje kuulizwa. Vijana wengine wana haya, na wengine hawajui kwamba hawajui. Mwiteni mjukuu, mwambieni alete kalamu. Msiseme "maisha yangu hayana jambo". Mmevuka mafuriko na njaa, mmejenga mji mara mbili na mara tatu, na mmelea watu mkiwa hamna kitu. Kama hilo si jambo, sijui jambo ni nini. Tuambieni mlichokipenda, mlichokiogopa, na mnachotaka tusikiuze hata kwa fedha nyingi. Huo ndio wasia.

Vijana wenzangu, mkutano huu ukiisha, msitawanyike mikono mitupu. Kila mmoja aondoke na jina la mzee mmoja atakayemwendea juma hili, na swali moja atakalomwuliza. Mkutano ujao nitaliuliza kila tawi limepata madaftari mangapi.

Mashamba tutagawana, na minazi itazeeka. Mto nao utaendelea kufanya kazi yake, ukileta na kuchukua. Maneno ya wazee wetu tusiyaache bondeni.